Cheti cha Uliyemzidi

“Hamsini na nane ni nyingi au ni chache?”

Mama mmoja wa Mkula aliniuliza hivyo akiwa amesimama mbele ya meza yangu, mkono wake ukiwa begani kwa binti yake. Mimi, mwenye shahada ya elimu upande wa upimaji na tathmini, nilijibu kwamba inategemea. Akangoja niendelee. Nikapanga upya kalamu zangu.

Nawaandikia ninyi mtakaokaa chumba kile baada yangu, kwa sababu mmeniomba, na kwa sababu mstaafu asiyeandika kumbukumbu huonekana kama hakuwa na kazi. Najua nina miaka thelathini na minne na kwamba neno mstaafu linawachekesha. Lakini keki iliandikwa “Heri ya Kustaafu”, nilipewa saa ya ukutani na kitenge, na mhasibu wetu alisimama akanitakia uzee mwema bila kutabasamu. Kulinganisha vyeti vya nje sasa kunafanywa na mfumo ulioko makao makuu. Chuo kilinipa nafasi ya kuhamia ofisi ya mitihani, nikaikataa, maana kukataa ndiyo fani niliyobobea. Meza ikastaafishwa, nami nikaifuata.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chuo chetu ni kidogo, kiko hapa Ifakara, na kinafundisha udaktari. Mwombaji aliyemaliza kidato cha sita hapa nchini hana shida: A ni pointi tano, B nne, unashuka hivyo hadi E yenye pointi moja, unajumlisha Fizikia, Kemia na Baiolojia, unapanga watu kutoka juu kwenda chini. Shida ni waliosoma nje. Wao huja na asilimia, au na namba, au na herufi zinazofanana na zetu bila kuwa na undugu nazo. Mimi nilitakiwa kugeuza kila cheti kiwe pointi za kwetu, ili mwenye nacho asimame kwenye foleni moja na wenzake. Nafasi za vyeti vya nje zilikuwa chache kuliko vidole vya mkono. Ukimshusha mtu hatua moja chini ya anapostahili, umemnyima udaktari, na yeye hatajua ni nani aliyemnyima.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa na vitabu vitatu vya nadharia ya upimaji, vyote vya kwangu, na nikavipanga mezani kabla ya kusalimia. Mkuu wa meza alikuwa Mwalimu Kasiani, aliyefundisha Kemia huko Mahenge mpaka sauti yake ikakauka, ndipo chuo kikamchukua kwenye udahili. Alivaa miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na siku nzima alikuwa akiitafuta moja kati ya hizo.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umesomea nini, binti?”

“Upimaji na tathmini.”

“Mnapima nini?”

“Elimu.”

Akanitazama kwa huruma. “Haya, kaa. Sisi hapa tunapima vyeti tu.”

Vifaa vyetu vilikuwa taa ya mezani, rula ya chuma, kioo cha kukuzia chenye ufa, na kamusi ya Kifaransa iliyopoteza kurasa zote za A. Bahati mbaya, neno linaloandikwa kwenye vyeti vya Kifaransa kumaanisha mtu amefaulu linaanza na A. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiwatangaza watu wamefaulu kwa kukisia. Kidole nacho kilikuwa kifaa. Muhuri wa kubonyeza husikika ukipitisha kidole juu yake, na ndiyo maana mwombaji akikuletea cheti alichokifunga ndani ya plastiki ngumu, mpe pole, kisha mwambie aandikie shule yake. Amekilinda cheti na mvua, na amekilinda na wewe pia.

Juma la kwanza nilimweka Masanja mkiani. Masanja alikuwa kijana wa Kisukuma, wazazi wake wafugaji waliohamia bondeni na ng’ombe wao, naye alisomeshwa na mjomba wake nchi ya jirani upande wa kusini. Alama zake zilikuwa moja, moja, mbili, moja. Nilimwonea huruma na kumwandikia barua ya upole ya kumshauri ajaribu kilimo. Mwalimu Kasiani aliisoma, akashusha miwani ya juu, akaisoma tena.

“Imelda, kule moja ndiyo juu.”

“Juu ya nini?”

“Juu ya zote. Huyu umemfukuza kwa kosa la kufaulu.”

Barua haikutoka. Lakini mhasibu aliinyakua, akawa ananisalimia kwa maneno yake mpaka juzi kwenye keki.

Mwalimu Kasiani alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwenye kitabu changu hata kimoja. Mwombaji akija na cheti cha nchi tusiyoizoea, alimpokea vizuri, akamkalisha, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia: “Sasa nenda ukaniletee cheti cha mtu uliyemzidi.” Alitaka cha mwanafunzi mwenzake wa mwaka uleule na shule ileile, aliyepata chini yake. Alikuwa akisema kwamba alama peke yake ni sauti ya mtu mmoja chumbani, hujui kama anapiga kelele au ananong’ona mpaka usikie wengine.

Nilimwambia hiyo si mbinu ya kitaalamu, ni umbea.

“Ni umbea,” akakubali. “Ila una mihuri.”

Nilichukizwa sana. Jumapili moja baada ya misa nilikaa nyumbani kwetu Mlabani na kompyuta mapajani, nikatunga kanuni yangu mwenyewe. Niliiita Mlinganyo wa Mlabani. Uliweza kuchukua asilimia ya nchi yoyote duniani na kuilaza juu ya pointi zetu, ukatoa jibu lenye desimali mbili na rangi nne. Mama yangu alipita akauliza zile rangi ni za nini. Nikamweleza kwa kirefu. Akasema zimependeza, hasa ile ya njano. Huyo ndiye mtaalamu wa kwanza na wa mwisho kuusifu Mlinganyo wa Mlabani.

Mwaka wangu wa pili ndipo walipokuja Esperansi na mama yake. Mama alizaliwa Mkula, akaolewa na dereva wa malori wa Kikongo aliyekuwa akipita barabara kuu ya Mikumi, wakaishi Lubumbashi mpaka mume akafariki, ndipo akarudi kwao na binti aliyekwisha maliza sekondari. Huyo binti, ambaye wote tulikuja kumwita Espe, alikuwa mrefu, mkimya, na gauni lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi mpaka linang’aa mabegani.

“Jambo, mama,” akaniambia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sijawahi kusamehe.

Cheti chake kilikuwa na namba moja kubwa, hamsini na nane kwa mia. Ripoti za shule alizoambatanisha zilionyesha masomo ya sayansi, nazo zilikuwa zinaelea palepale. Vyuo viwili vilikwisha kumweka mkiani kwa miaka miwili mfululizo.

“Kule kwetu, mama, makumi tano na nane iko mingi,” Espe akasema.

“Nyingi kiasi gani?”

Akafikiri. “Profesa alinipa mukono.”

Nikaandika: alipewa mkono na mwalimu wake. Kisha nikafuta, kwa kuwa Mlinganyo haukuwa na mahali pa kuweka mkono.

Hapo ndipo mama yake alipouliza lile swali ambalo sikuweza kulijibu. Nilipomaliza kupanga kalamu, alisema taratibu, bila kunilaumu: “Mwaka huu ni wa mwisho. Asipopata, anakaa na mimi kuuza mchele, na habari ya udaktari tunaifunga. Simwonei, dada. Nimechoka kumwona anapiga pasi gauni la kwenda kukataliwa.”

Espe alitazama sakafu. Nikawaahidi kwamba kesi yao itashughulikiwa kisayansi.

Mlinganyo ulimweka wa mwisho. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye tisini na moja kutoka ng’ambo, ambaye alikwisha kutuandikia kuuliza kama Ifakara kuna bwawa la kuogelea. Nilichapisha orodha kwa rangi na kuipeleka kwa Mwalimu Kasiani kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

“Huyu wa tisini,” akasema, “wenzake walipata ngapi?”

“Sijui.”

“Na huyu binti wa Kongo, wenzake?”

“Sijui.”

“Sasa unajua nini?”

“Najua tisini ni kubwa kuliko hamsini na nane.”

“Hilo hata mimi nilikuwa nalijua kabla hujaajiriwa.”

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia hatuwezi kuendesha udahili wa udaktari kwa kuuliza majirani. Akasema mwenye tisini amekwisha mwandikia alete cha mwenzake, na binti naye alete, na kamati ikikaa Ijumaa ijayo kila mtu ataangaliwa akiwa na watu wake. Espe alipoitwa na kuambiwa, alifanya kitu ambacho hakukifanya hata aliposikia kuwa yuko mkiani. Alishika uso.

“Mwalimu, nani atanipa?”

“Ulikuwa wa ngapi darasani?”

“Wa pili. Wa kwanza alikuwa Didie, kila mwaka.”

“Huyo Didie kwenye mtihani wa taifa alipata ngapi?”

“Sijui. Kila muntu alipata yake kwa simu, na mi nilihama.”

“Basi anza na hao waliokuwa nyuma yako,” akasema Mwalimu, akaanza kutafuta miwani.

Kamati ilipokaribia na Espe hajarudi, nilipanda bodaboda hadi Mkula. Nisidanganye kwamba ilikuwa huruma. Nilitaka kumthibitishia Mwalimu Kasiani kwamba desturi yake haifanyi kazi, na nilitaka kuthibitisha nikiwa nimeshuhudia. Njiani nilijiandalia hotuba ya kumfariji yule mama, hotuba ya kienyeji, iliyotoka moyoni. Nilimkuta kwenye kibanda chake kando ya barabara, mchele umepangwa kwa mafungu, Espe akihudumia wateja.

“Mama,” nikaanza, “alama za shule ni kama debe. Debe la Mkula limegongwa tako likatokeza nje, debe la mjini halijagongwa. Sasa ukisema madebe mawili—”

“Siuzi kwa debe, dada,” akanikata. “Nina mizani.” Akaibonyeza. Ilikuwa ya dijitali, ikawaka namba nyekundu. “Inasoma mpaka gramu. Wewe ofisini hamna?”

Nikasema hatuna. Hotuba iliishia hapo.

Espe alinipa simu yake nione mwenyewe. Kwenye kundi la darasa lake aliandika kuomba yeyote aliyepata chini ya hamsini na nane amtumie picha ya cheti. Mmoja alijibu kwa vicheko. Mwingine akaandika, “Wewe umekuwa mukubwa sasa.” Wa tatu akajitoa kundini. Baada ya hapo kimya, siku baada ya siku. Nikahisi ushindi, nao ukanidumu kama dakika moja hivi.

“Ungekuwa wewe ungetuma?” mama akaniuliza, akiendelea kufunga mchele.

“Ningetuma.”

“Wewe ulipata ngapi?”

Hapa niwaeleze jambo ambalo mtaligundua wenyewe mkikaa pale. Meza ya kuchagua madaktari haikaliwi na waliochaguliwa. Nilisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kama kila mtoto wa Ifakara aliyezaliwa akisikia king’ora cha hospitali, na nilitaka udaktari mpaka siku matokeo yalipotoka. Fizikia nilipata S.

“S ndiyo nini?” mama akauliza.

“Ni alama ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo kwenye chumba cha mtihani.”

Alicheka mpaka mteja naye akacheka bila kujua kwa nini. Espe hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeona mlango ukutani.

“Mama, nitume ile yako?” akaniuliza.

Nilikuwa na picha ya cheti changu kwenye simu, kwa sababu mtu wa vyeti hatembei bila cha kwake. Niliitazama ile S. Nikampa. Espe akaituma kundini na maneno kwamba huyu ndiye mama wa ofisi anayeamua, na hii ndiyo alama yake. Kisha nikampigia Mwalimu Kasiani.

“Mwalimu, naomba cheti chako cha kidato cha sita.”

Nikasikia miwani ikigonga meza. “Cha kazi gani?”

“Nataka cha mtu niliyemzidi.”

“Hujanizidi. Baiolojia nina F, sikatai, lakini Fizikia nina D yangu safi.”

Picha yake ilifika baada ya muda, imepigwa juu chini, kidole gumba kimefunika jina. F ilionekana vizuri kabisa. Nayo tukaituma.

Kundi lililala kwa muda wa kuuza kilo mbili. Halafu likaamka. “Mama wa ofisi alifeli?” “Na ule muzee pia?” “Pole, mama.” “Pole, muzee.” Msichana mmoja akaandika kwamba kumbe hata wao. Wengi waliona haya kuweka vyeti mbele ya wenzao, na zaidi waliona haya Espe avione, basi nikaweka namba yangu, nikaahidi kwamba hataonyeshwa. Vikaanza kuingia kwangu. Hamsini na nne. Hamsini. Hamsini na mbili. Kijana mmoja alituma chake na ujumbe wa sauti akieleza kwamba siku ya mtihani aliumwa tumbo, akaeleza hilo tumbo kwa urefu ulionifanya nimwonee imani. Nilikaa kwenye gunia la mchele wa watu nikipokea aibu za darasa zima la Lubumbashi, na kila aliyetuma alianza kwa kunipa pole.

Cha mwisho kilikuwa cha Didie. Yule aliyekuwa wa kwanza kila mwaka. Hamsini na moja. Chini yake aliandika: “Na mi pia, mama. Tuko wote.”

Nilisimama pale barabarani nikajisikia nimeshika dhahabu. Ikiwa kijana bora wa darasa aliambulia hamsini na moja, basi mtihani ule ulikuwa mwamba, na hamsini na nane ya Espe ilikuwa imetoboa mwamba. Mwalimu alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na ushahidi wa usahihi wake, jambo ambalo lilinifanya nijione kama usahihi ulikuwa wangu.

Ofisini nilikagua kila picha kama nilivyofundishwa. Nilikuza namba, nikalinganisha unene wa wino, nikatazama kama kuna namba iliyopandishwa. Kwenye cha Didie ile moja ilikuwa nene kidogo kuliko ile tano. Nikafikiri ni kamera. Pembeni nikaandika kwa penseli: “Hakuna sababu ya kughushi.” Nilipendezwa na hoja hiyo. Nilipigia mstari.

Kamati ilikaa Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa daktari bingwa asiyependa vikao. Nikasambaza nakala za vyeti vya Lubumbashi, na barua ya shule kuthibitisha kwamba hamsini na nane ni ya Espe kweli. Katika haraka nilichapisha kila picha iliyokuwa kwenye simu.

“Huyu Imelda mwenye S,” mwenyekiti akasoma, “naye alisoma Lubumbashi?”

Mwalimu Kasiani akakohoa. “Hapana, huyo ni wa hapa. Na mwenye F anayefuata ni mimi.”

“Mbona mnanionyesha?”

“Tulikuwa tunafungua mlango, Daktari.”

Mwenyekiti alizitazama zile karatasi mbili kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji, kisha akaziweka kando, kifudifudi, kwa adabu kubwa. Akauliza swali moja tu. “Aliyekuwa wa kwanza darasani kwao yupo hapa?”

“Yupo,” nikasema, na nikasimama ili kusema vizuri. “Alipata hamsini na moja.”

Nimewahi kuwa sahihi mara chache maishani, lakini sijawahi kujisikia sahihi kama siku ile. Kijana wa bwawa la kuogelea hakuleta cha mwenzake. Aliandika kwamba mwombaji huhukumiwa kwa sifa zake binafsi, hoja ambayo juma moja kabla ilikuwa yangu. Espe akapewa nafasi ya pili.

Nilipeleka habari Mkula mwenyewe. Mama alizima mizani kwanza, kana kwamba isingefaa iwe inahesabu wakati huo. Akakaa. Akamuuliza Espe kama amesikia. Espe akasema amesikia. Nami nikanunua kilo tatu za mchele kwa sababu sikujua mstaarabu hufanya nini mahali kama pale. Siku ya kuanza masomo Espe alivaa lile gauni la bluu. Mama akaniambia pembeni: “Hili sasa tulitafutie jina lingine.”

Miaka iliyofuata haina mengi ya kuwaeleza, na ndiyo iliyokuwa kazi. Mwalimu Kasiani alistaafu, kustaafu kwa kweli, kwenye umri wake. Aliniachia kioo chenye ufa na miwani moja ambayo nadhani aliisahau. Alipenda kuwasimulia wageni habari za pantoni ya Kivukoni, kabla ya daraja, waombaji walipovuka mto na vyeti vimefungwa ndani ya kofia, na kila mara kofia zilikuwa zinaongezeka. Mlinganyo wa Mlabani upo bado kwenye kompyuta ile, rangi zake zote nne. Ukiufungua, ufunge taratibu.

Nikawa mimi ndiye ninayesema, “Nenda ukaniletee cheti cha mtu uliyemzidi.” Wanafunzi waliniita Madam Asilimia. Wazazi wengine waliniita mambo ambayo sitayaandika. Kila juma mtu alibisha kwamba si haki kumhusisha jirani, na kila juma nilijisikia nikizungumza na nafsi yangu ya zamani, ambayo haikuwa mtu wa kuzungumza naye kwa raha. Nilikamata vyeti vya kughushi vingi. Tano iliyofanywa nane. E iliyoongezewa tumbo ikawa B. Hamsini iliyovuka mpaka ikafika ikiwa themanini. Nikaandaa hata somo kwa wenzangu wa vyuo vya jirani, jinsi ya kutambua namba iliyoguswa, na nikalifundisha kwa kujiamini, na mfano wangu wa cheti safi kisichotiliwa shaka ulikuwa hamsini na moja ya Didie, jina nimelifuta.

Espe alirudia mtihani wa anatomia mara moja, kisha hakurudia kitu tena. Sasa ni daktari, yuko kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Kwenye sherehe yangu ya kustaafu aliingia na koti jeupe mkononi, akasema “Shikamoo, mama,” kwa lafudhi ya Kilombero kabisa, na mara hii sikuona ubaya kuitwa mama, maana nilikuwa mstaafu. Mama yake alikuja na mchele, uliopimwa mpaka gramu.

Baada ya keki Espe akasema kuna mtu anataka kunisalimu. Akapiga simu ya video. Ikatokea sura ya kijana mnene mwenye furaha, nyuma yake rafu ya vitabu.

“Huyu ni Didie,” Espe akasema. “Anafundisha chuo kikuu sasa.”

Nilikuwa nimetunza siri yake kwa miaka yote hiyo. Lakini nilikuwa nimestaafu, na nilikuwa nimekula keki, na nilitaka kumfurahia. “Hongera sana, Didie,” nikamwambia kwa sauti ya kuwafaa watu wote. “Kutoka hamsini na moja mpaka chuo kikuu. Wewe ndiye uliyemwingiza huyu udaktari.”

Espe akageuka. “Hamsini na moja ya nani?”

“Ya Didie. Mtihani wa taifa.”

Espe alimtazama Didie kwenye simu. Didie akatazama rafu yake ya vitabu. Mhasibu, ambaye ana kipaji cha kusikia anapotakiwa asisikie, akaacha kukata keki.

“Didie,” nikasema, “ulipata ngapi?”

Alijikuna kichwa. Alikuwa mtu mzima, mwalimu wa watu, na akajikuna kama mtoto aliyeitwa mbele.

“Makumi saba na mbili, mama,” akasema. “Lakini bote mulikuwa mumefeli. Wewe na S yako, na ule muzee na F yake. Nilisikia haya kubakia peke yangu.”